Mvuke Uliobaki Darini

Mume wangu alikuwa mtu wa mvuke. Kwa miaka kumi na minne alihudumia boila ya kiwanda cha nguo pale Mwanza, akilisha tanuri, akifungua na kufunga vali, akitega sikio kwenye mabomba kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Jioni shati lake lilinuka chuma cha moto. Alipenda kuniambia kwamba wakubwa wa kiwanda wanajua mahesabu, lakini yeye ndiye anayejua kiwanda kinavyopumua, na mimi nilimwamini, maana sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Kisha zikaja zile siku ambazo kila shirika lilikuwa linatafutiwa mnunuzi. Asubuhi moja orodha ilibandikwa kwenye ubao wa getini na jina lake lilikuwemo. Saa nne alikuwa amesharudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Wametupunguza," alisema.

Nilimuuliza kama ni wote wa boila. Alisema ni wote, kwa sababu hata boila yenyewe itazimwa. Hilo la boila kuzimwa ndilo lililomuuma. Kupunguzwa kazi alikuwa amekutazamia, kama kila mfanyakazi wa miaka ile, lakini hakuwahi kufikiri kwamba moto ule ungeweza kuzimwa na watu wakaendelea kuishi.

Kiinua mgongo alichopewa siku ya kuondoka ndicho kilichomaliza nyumba yetu ya Kiseke. Kuta zilikuwa zimesimama miaka kadhaa bila paa, nyasi zikiota sebuleni. Wakati ule Kiseke ilikuwa bado pembeni ya mji, viwanja na mashamba ya mihogo vimechanganyikana, lakini nguzo za umeme zilikuwa zimepita karibu na kwetu. Mume wangu alitaka nyumba hiyo iwe tofauti na zote tulizowahi kupanga. Kule tulikotoka, Misungwi kwa upande wake na ufukweni Mara kwa upande wangu, wanawake walipika kwenye kibanda cha nje, machozi yakiwatoka kwa moshi. Yeye alikuwa amewahi kuitwa kutengeneza mabomba katika nyumba za mameneja, akaona majiko ya ndani. Akaniambia, "Wewe utapika umesimama. Hutainama tena."

Jiko likajengwa ndani, kati ya sebule na chumba cha binti yetu. Lilikuwa na meza ya saruji ya kuwekea majiko mawili ya mkaa, na juu yake kofia kubwa ya bati aliyoichora mwenyewe kwenye karatasi na kuipeleka kwa fundi wa mabati kule Igoma. Kutoka kwenye kofia lilipanda bomba nene. Ndani ya bomba aliweka feni aliyoipata kwenye mnada wa vyuma chakavu, siku walipokuwa wanauza vitu vya kiwanda. Aliifuta mafuta, akaifunga waya mpya, akaiwasha. Nikashika kanga yangu chini ya kofia na ncha yake ikavutwa juu. Alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu ile asubuhi ya orodha.

Aliyeezeka nyumba ile alikuwa fundi seremala wa makamo, mtu wa Ukerewe, mpole na mwenye maneno machache. Kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, zilipokwisha kusimama na papi za kushikia bati kupigiliwa, fundi alishuka kwenye ngazi akaja kumuuliza mume wangu jambo.

"Mzee, hili bomba la jikoni litoboe bati upande gani? Nikiezeka kwanza itakuwa taabu."

"Halitoboi bati," mume wangu alijibu. "Liishie juu ya siling."

Fundi aliangalia juu, akaangalia bomba. "Sasa mvuke utakwenda wapi?"

"Dari lote lile, fundi. Chumba kizima juu ya vichwa vyetu, hakuna anayelala humo. Utapotelea huko huko. Mimi nimefanya kazi na mvuke miaka kumi na minne. Lakini bati ukishalitoboa umelitoboa, mvua itaingia maisha yako yote."

Nilikuwepo, nimebeba ndoo ya maji. Fundi alinitupia jicho kama anayetaka mtu wa tatu aseme kitu. Sikusema. Mambo ya mvuke hayakuwa yangu, nami nilikuwa nimeona mabati yale mapya yanavyong'aa, bila hata tundu moja, nikaelewa kwa nini mtu asitake kuyakata.

Jambo jingine alilolifanya mwenyewe, wala hakumwuliza fundi. Popo walianza kuingia darini kupitia nafasi zilizoachwa chini ya ukingo wa paa. Walinuka. Akapanda, akaziba nafasi zote kwa mbao na saruji, kuizunguka nyumba nzima, akashuka akisema sasa hata nzi hapiti. Ilikuwa kweli. Hata hewa haikupita.

Tulihamia wakati wa mvua za vuli. Nilipofika kwenye ile meza ya saruji nilijiona mtu mwingine. Na kwa kuwa mshahara haukuwepo tena, nikaanza kupika kwa ajili ya kuuza. Viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa kandokando ya ziwa, na vibarua waliokuwa wanakata minofu ya sangara walihitaji chakula cha mchana. Nilichemsha maharage tangu alfajiri, nikapika wali na kukaanga vichwa vya samaki. Masufuria makubwa yalitokota chini ya ile kofia kwa saa sita, saa saba kwa siku, na feni ikavuta mvuke wote juu, nisiuone tena. Jikoni hakukuwa na moshi wala jasho ukutani. Wanawake wa jirani walikuja kutazama. Mume wangu aliwaonyesha swichi.

Mwaka wa kwanza hatukuona kitu, au labda tuliona bila kuelewa. Siling ya sebuleni ilipata doa la rangi ya chai, kubwa kama sahani. Tukasema ni rangi mbaya.

Mwaka wa pili, katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, wakati ambao Mwanza haioni wingu kwa wiki nyingi na asubuhi kunakuwa na kibaridi, niliamshwa na tone la maji kwenye shavu. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilidhani naota. Likaja la pili. Nikamgusa mume wangu.

"Mvua inanyesha," nilimwambia.

Alifungua dirisha. Nje vumbi lilikuwa kavu kabisa na mbingu haikuwa na kitu. Ndani ya nyumba yetu, maji yalikuwa yanadondoka.

Siku hiyohiyo alipanda juu ya paa kutafuta tundu. Alikagua msumari mmoja baada ya mwingine. Hakuona tundu, lakini alinunua lami, akaichemsha kwenye kopo, akapaka kichwa cha kila msumari mpaka paa likawa na madoa meusi kama ngozi ya chui. Kesho yake alfajiri maji yakadondoka tena. Akapaka tena. Alianza kuamka mapema na kukaa sebuleni akitazama juu, akihesabu sekunde kati ya tone na tone. Nilipomletea chai hakuipokea.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Misungwi. Nilimpokea mzigo, nikapiga goti, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Alilala kwetu siku mbili, akaona maji yakianguka ndani wakati nje ni jua, naye akamwita mwanawe pembeni. Nilisikia kwa sababu hakushusha sauti.

"Nyumba inayolia machozi ndani ya kiangazi, mwanangu, hiyo si ya kawaida. Kuna mtu amekuonea wivu."

Mume wangu hakuwa mtu wa mambo hayo. Lakini nilimwona anavyomsikiliza, na nikaelewa kwamba kwake ingekuwa nafuu kama ingekuwa uchawi. Uchawi unatoka kwa mtu mwingine.

Niliyemtafuta mimi alikuwa fundi. Nilimkuta kwenye karakana yake Igoma, anapiga randa mlango. Nilimweleza yote. Alifuta mikono, akabeba tochi yake. Mume wangu alikuwa ametoka. Fundi aliweka ngazi kwenye ule mlango mdogo wa siling ulioko koridoni, akausukuma, akapanda mpaka kiunoni. Alikaa huko juu muda mrefu. Nilikuwa naona miguu yake tu. Aliposhuka, alininyooshea kiganja. Kilikuwa kinachuruzika maji, na kwenye vidole kulikuwa na kitu cheupe kama unga uliooza.

"Mama," alisema, "hii si mvua. Haya ni maharage yako."

Alijipangusa vidole kwenye suruali, akaendelea.

"Mvuke unapanda na bomba, unaingia humo. Mchana bati lina moto, hauonekani. Usiku bati linapoa, mvuke unagandia chini yake unakuwa maji. Asubuhi yanadondoka. Huko nje kumezibwa pote, hautoki. Mbao zimelowa, mama. Nimeingiza bisibisi kwenye kenchi, imezama kama kwenye muhogo uliochemka."

Nikamuuliza dawa yake ni nini.

"Bomba litoboe bati, liende mpaka nje, livikwe kofia mvua isiingie. Hizo nafasi alizoziba azifungue, tuweke wavu wa kuzuia popo. Zile mbao zilizokwisha tubadilishe. Lakini isichelewe."

Mume wangu aliporudi alimkuta fundi bado amekaa barazani akimsubiri. Fundi alimweleza kwa heshima, taratibu, akimwita mzee kila sentensi. Alipomaliza, mume wangu alimuuliza, "Wewe umefanya kazi kwenye boila miaka mingapi?"

"Sijawahi, mzee."

"Basi."

Fundi aliinamisha kichwa, akachukua tochi yake, akaenda zake. Nilimsindikiza mpaka njiani. Nilimwambia anisamehe. Alisema hana kinyongo, lakini akaniomba nisilale chini ya ile kenchi ya katikati.

Tangu siku hiyo nilijua. Hili ndilo jambo ninalolirudia kila nikikumbuka, kwamba nilijua. Nilianza kupika nje. Niliweka mafiga matatu nyuma ya nyumba, nikabeba masufuria yangu huko, nikainama kama mama yangu alivyoinama. Kwa siku tisa hivi tone lilipungua, kisha likakoma kabisa. Nilimwonyesha. "Unaona," nilimwambia, "sijawasha feni, na hakuna maji."

Alisimama mlangoni akaniangalia nimechutama kwenye moshi, macho mekundu. Alisema kwa sauti ya chini sana, "Nilipoteza kazi. Nikakujengea jiko. Na jiko nalo umelikataa."

Angenigombeza ningeshindana naye. Lakini hakugomba, aliingia ndani, akalala kitandani mchana kweupe, uso ukutani, na siku ya pili yake hakuamka kula. Siku ya tatu nilirudisha masufuria ndani. Nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka, akaisikia kutoka chumbani, akatoka, akaomba chai. Nilimmiminia. Tulikunywa pamoja na mvuke ukapanda juu ya vichwa vyetu, na mimi nikijua unakokwenda.

Niliendelea kupika hivyo karibu mwaka mzima. Binti yetu, aliyekuwa darasa la tano, chumba chake kilipakana na jiko. Pembe za siling yake zikaota ukungu mweusi, kwanza kama vitone vya wino, kisha kama manyoya. Niliufuta kwa sabuni na magadi, ukarudi. Nguo zake zilinuka hata zikitoka kuanikwa. Akaanza kukohoa, kisha kifua kikawa kinapiga filimbi akipumua. Daktari aliuliza kama tunaishi mahali penye unyevu. Nilijibu ndiyo. Mume wangu alikuwa amempakata mtoto, nami nilimwona akiegemeza sikio kwenye mgongo wa binti yake, akisikiliza ule mlio. Alisikiliza hivyo mpaka tulipoitwa dirishani kuchukua dawa. Nadhani mlio ule aliuelewa kuliko sisi wote.

Wiki hiyohiyo, Jumamosi, alitoka asubuhi akarudi na mkasi wa bati na kipande cha bomba jipya. Aliweka ngazi koridoni. Nikamuuliza kama nimwite fundi.

"Mwache fundi," alisema. "Nilifunga mwenyewe, nitafungua mwenyewe."

"Alisema kenchi zimeoza."

"Nimemsikia siku ile. Sikuwa kiziwi."

Akapanda. Nilisimama chini ya ngazi nikisikia hatua zake juu ya mbao, moja, nyingine, akitafuta mahali pa kukanyaga. Kisha nilisikia bati linakatwa, na mstari mwembamba wa mwanga ukaonekana kwenye ule mlango wa siling. Akaniita, akasema, "Huku ni kama chini ya ziwa." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho akiwa mtu mwenye miguu.

Ile kenchi ya katikati haikutoa mlio wa kuvunjika, ilitoa sauti laini kama kitu kinachochanika. Siling ya sebuleni mpaka mlangoni mwa jiko ilishuka yote kwa pamoja, nzito kwa maji, na yeye ndani yake, akaangukia mgongo kwenye ukingo wa meza ya saruji ya jikoni. Nilimkuta amefunikwa vipande vyeupe, macho wazi. Alisema hasikii miguu. Alisema kwa utulivu, kama anayetoa taarifa ya mtambo.

Alilazwa miezi miwili. Aliporudi, tulimbeba majirani wanne na mimi, tukamlaza kwenye chumba cha mbele ambacho siling yake ilikuwa bado nzima. Binti yetu nilikuwa nimempeleka kwa dada yangu Musoma, akapone kifua.

Fundi alikuja bila kuitwa. Alipitisha bomba kwenye lile tundu alilolikata mume wangu, akalizungushia kola ya bati na lami, akalivika kofia. Alifungua nafasi za ukingo wa paa, akaweka wavu. Alianza asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kushuka. Ilikuwa kazi ndogo hivyo. Nilipowasha feni, mvuke ulitoka juu ya paa, mweupe, ukapeperuka kuelekea ziwani. Mume wangu aliuona kupitia dirishani. Aligeuza uso.

"Mbao je?" nilimuuliza fundi nje.

"Mama, nikikudanganya haitakusaidia. Kilicholowa miaka mitatu hakikauki kikawa mbao tena. Paa lote lishuke lijengwe upya."

Hatukuwa na uwezo huo. Fundi aliweka vigogo viwili vya kushikilia paa sebuleni, vikasimama katikati ya chumba kama wageni wasiokaa. Tukaishi navyo.

Mvua zilizofuata zilikuwa zile za El Nino. Aliyekuwa Kanda ya Ziwa mwaka ule hahitaji kusimuliwa. Mchana mmoja upepo ulitoka ziwani kabla ya mvua yenyewe, ukaingia chini ya bati, na misumari iliyokuwa imekula kutu ikaachia mbao zisizo na nguvu ya kuishika. Upande mzima wa nyuma ulinyanyuka. Sikusikia kishindo kikubwa, nilisikia mwanga. Sijui kulisema vinginevyo. Jiko lilijaa mwanga ghafla, kisha mvua ikaingia. Nilimvuta mume wangu pamoja na godoro mpaka kwenye pembe moja, nikajilaza juu yake. Tulikaa hivyo mpaka ikakatika. Aliniambia niondoke nimwache. Nilimwambia anyamaze.

Mama mkwe alitupokea Misungwi. Hakusema neno juu ya wivu wala juu ya mtu yeyote, alitutandikia tu. Nilianza kulima mashamba ya watu kwa kibarua. Mume wangu alilala kwenye chumba cha udongo chenye dirisha dogo. Alizungumza na mama yake kwa Kisukuma, mambo ya zamani, ya ng'ombe waliokufa yeye akiwa mtoto. Nami alizungumza mambo ya lazima tu, maji, kugeuzwa, dawa ya vidonda vya mgongo.

Nilirudi Kiseke mara moja, kuona kama kuna bati la kuokoa. Niliporudi jioni aliniuliza, akiwa ameelekea ukutani, "Umekuta nini?"

"Kuta," nilimjibu.

"Na feni?"

"Haipo. Wamechukua."

Kisha akasema, "Nilijua tangu wiki ile uliyopika nje."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie. Hakurudia. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikijaribu kuhesabu siku zote zilizokuwa katikati, siku ambazo yeye alijua na mimi nilijua, na tukanywa chai. Nilitaka kumwuliza kwa nini. Lakini angeweza kuniuliza swali hilohilo.

Aliishi miaka mitatu tena. Vidonda vya mgongo ndivyo vilivyommaliza. Binti yetu alikuja kwa mazishi, msichana mrefu, bado anapumua kwa shida akitembea haraka. Baada ya arobaini aliniuliza kama kiwanja cha Kiseke tutakijenga siku moja. Nilimwambia sijui. Akaenda kulala, nami nikabaki namsikiliza anavyopumua ng'ambo ya ukuta.